GUNDI YA MWILI: SOMO JUU YA KOLAJENI, CHAKULA NA UZEE WA MFANYAKAZI

Wahenga walisema kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Maneno hayo yanatuhusu sisi kuliko mtu mwingine yeyote. Mkata miwa, mchuma chai, mpakiaji wa magunia, mwendesha mashine ya kusaga, mama anayepalilia shamba la tajiri kwa kibarua, wote hao wana mtaji mmoja tu, nao ni mwili. Mashine ya kiwandani hutiwa mafuta kwa wakati wake, na ikiharibika huitiwa fundi. Mwili wa mfanyakazi mara nyingi huachwa ujitengeneze wenyewe.

Ni kweli kwamba mwili hujitengeneza wenyewe, lakini hauwezi kufanya hivyo bila vifaa. Katika somo hili tutazungumza juu ya kifaa kimoja kiitwacho kolajeni. Siku hizi neno hili linasikika sana mijini. Limeandikwa juu ya makopo ya unga, juu ya chupa za vidonge na juu ya mafuta ya kujipaka, na wauzaji hulitangaza redioni na katika simu. Wanasema kolajeni huondoa maumivu ya magoti, hunyoosha ngozi na kumrudisha mzee katika ujana. Mfanyakazi wa miaka 45 au 50, ambaye goti lake linamsumbua kila asubuhi, husikiliza maneno hayo kwa makini. Wengine hutoa ujira wa siku nyingi ili kununua kopo moja.

Sisi hatusemi kwamba kolajeni ni uongo. Ni kitu cha kweli, na bila hicho hakuna mtu ambaye angeweza kusimama wima. Tunalosema ni kwamba kiwanda cha kolajeni ni mwili wako mwenyewe, na malighafi ya kiwanda hicho yamo katika mashamba na masoko yetu, tangu Ajia hadi Koboko. Basi ni haki ya kila mfanyakazi kujua kiwanda hicho kinafanya kazi namna gani, ili asinunue kwa bei ya juu kitu ambacho angekipata kwa sahani ya maharage na embe moja.

1. Kolajeni ni nini?

Kolajeni ni aina ya protini. Ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini. Katika kila sehemu tatu za protini yote ya mwili, karibu sehemu moja ni kolajeni. Jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gundi, kwa sababu tangu zamani watu walichemsha ngozi na mifupa ya wanyama wakapata gundi ya kubandikia mbao. Na kazi yake mwilini inafanana na jina: hushikanisha.

Kolajeni imo katika ngozi. Imo katika kano zinazofunga misuli kwenye mifupa, na katika kano zinazofunga mfupa kwa mfupa. Imo katika gegedu, yaani ule mfupa laini unaozuia mifupa miwili isisagane ndani ya goti au nyonga. Imo katika kuta za mishipa ya damu, katika ufizi na katika kovu la kila jeraha. Imo hata ndani ya mfupa mgumu. Waashi wetu wanajua kwamba zege bila nondo hupasuka upesi. Katika mfupa, madini ya kalisi ndiyo saruji na kokoto, na kolajeni ndiyo nondo.

Umbo lake nalo ni la ajabu. Mfanyakazi wa katani ataelewa mara moja. Kamba madhubuti husokotwa kwa nyuzi kadhaa, na kadiri zinavyobanana ndivyo kamba inavyovumilia uzito. Kolajeni nayo ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Jambo hilo lilielezwa mwaka 1954 na wataalamu wawili wa Madras huko India, G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha. Kwa hiyo unapoinua gunia, uzito wake unashikwa na maelfu na maelfu ya kamba ndogo zisizoonekana kwa macho.

2. Kwa nini tunazeeka na viungo vinauma?

Kamba hizo hazidumu milele. Mwili huzivunja zile zilizochakaa na kusokota mpya. Katika ujana, usokotaji huwa mwingi. Kadiri miaka inavyopita, usokotaji hupungua. Katika ngozi ya mtu mzima, kolajeni hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Kwa akina mama, upungufu huo huenda haraka zaidi katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Hayo ni mambo ya kawaida, si ugonjwa wala si laana. Mikunjo ya uso wa mzee haimpunguzii heshima yake hata kidogo.

Lakini yafaa tujue tofauti moja kubwa. Ngozi na mfupa hujirekebisha vizuri kiasi. Ndiyo maana kidonda hufunga na mguu uliovunjika huunga. Gegedu la goti haliko hivyo. Halina mishipa ya damu ya kulilisha, na kolajeni yake ikishakomaa hubadilishwa polepole mno. Likishasagika, si rahisi kurudi kama lilivyokuwa. Kwa hiyo kwa upande wa magoti na mgongo, kukinga ni bora mara nyingi kuliko kutafuta dawa baadaye. Tutarudi kwa jambo hili tutakapozungumza juu ya mizigo.

3. Mafunzo ya mabaharia na ya wachimba migodi

Namna nzuri ya kuelewa kazi ya kolajeni ni kutazama yaliyowapata wafanyakazi waliokosa uwezo wa kuitengeneza. Ugonjwa wao unaitwa kiseyeye. Mgonjwa huishiwa nguvu, viungo humuuma, ufizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, na hata makovu ya zamani huweza kufunguka tena kana kwamba jeraha ni la jana. Sababu ni kwamba kamba za kolajeni haziwezi kukaza bila vitamini C. Nyuzi husokotwa, lakini hulegea na kukatika.

Zamani ugonjwa huu uliwaua mabaharia kwa maelfu, kwa maana walikaa baharini miezi mingi wakila mikate mikavu na nyama ya chumvi. Mwaka 1747 daktari wa meli ya Kiingereza, James Lind, aliwachukua wagonjwa 12 akawagawa wawili wawili, kila wawili akawapa tiba yao. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Hata hivyo, jeshi la majini la Uingereza lilingoja mpaka mwaka 1795 ndipo likaanza kuwapa mabaharia maji ya limau kwa kawaida. Karibu miaka 50 ilipita, na dawa ilikuwa tunda. Vitamini yenyewe ilikuja kutambuliwa katika miaka ya 1930, na Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi hiyo.

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya tu. Mwanzoni mwa karne ya 20, kiseyeye kiliwapata wachimbaji Waafrika wengi katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Posho yao ilikuwa unga wa mahindi zaidi ya kitu kingine, na mboga na matunda yalikuwa haba. Katika miaka ya 1980, ugonjwa huo huo ulionekana miongoni mwa wakimbizi wa Ethiopia waliokuwa katika makambi ya Somalia, kwa sababu mgao wao wa nafaka, mafuta na maharage makavu haukuwa na mboga mbichi wala matunda. Mtu anaweza kushiba kila siku na bado mwili wake ukakosa kifaa. Somo hili linatuhusu sisi wa West Nile, ambao tangu enzi za ukoloni babu zetu walikwenda kwa mkataba kukata miwa Kakira na Lugazi, wakaishi kwa posho waliyopimiwa na mwajiri.

4. Malighafi ya kolajeni

Mwili unahitaji vitu viwili vikubwa ili kutengeneza kolajeni: protini, ambayo ndiyo uzi wenyewe, na vitamini C, ambayo ndiyo inayokaza kamba. Madini kama zinki na shaba nayo husaidia kwa kiasi kidogo, na hupatikana katika maharage, karanga, simsim, nyama na samaki.

Kwanza protini. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanakadiria kwamba mtu mzima anahitaji karibu gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mfanyakazi wa kilo 60 basi anahitaji karibu gramu 50. Sasa tupige hesabu. Unga wa muhogo hushibisha na hutia nguvu, lakini nusu kilo nzima ina gramu 10 tu au chini ya hapo. Anayekula ugali wa muhogo kwa mchuzi mwepesi, asubuhi na jioni, ameshiba, lakini kiwanda chake cha kolajeni kimekosa uzi.

Mtu huyo huyo akiongeza maharage makavu gramu 150 yaliyopikwa, amepata gramu 30 hivi. Konzi moja ya karanga, kama gramu 30, humpa gramu 7. Yai moja humpa gramu 6. Akichanganya unga wa muhogo na wa mtama au ulezi, kama mama zetu wengi wafanyavyo, amepata zaidi kuliko muhogo peke yake. Samaki wadogo waliokaushwa, mukene na muziri, wana protini nyingi sana kwa uzito wao, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao, hutupatia na kalisi. Hakuna lazima ya kula nyama kila siku.

Pili vitamini C. Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo wanashauri miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, na miligramu 10 tu zatosha kuzuia kiseyeye. Pera moja peke yake linapita miligramu 45. Embe moja la kadiri linatosha. Chungwa moja linatosha au linakaribia. Kipande cha papai kinatosha. Nani katika Ajia asiyejua mwembe? Wakati wa msimu, maembe huanguka mpaka yanaoza chini ya miti, na watu wakubwa huyaacha kwa kusema kwamba ni chakula cha watoto. Kumbe ndiyo yanayokaza kamba za goti la baba.

Nje ya msimu wa maembe kuna nyanya, ndimu, mapapai, mchicha, majani ya kunde na sukuma wiki. Lakini vitamini C ni dhaifu mbele ya moto, maji na jua. Mboga ikichemshwa kwa saa nzima na maji yake yakamwagwa, karibu yote imekwenda. Kata mboga wakati wa kuipika, tia maji kidogo, funika sufuria, pika kwa muda mfupi, na supu yake usiimwage. Mboga iliyoanikwa kwa ajili ya kiangazi ni chakula kizuri, ila vitamini C yake kwa sehemu kubwa imepotea. Sombe nalo ni chakula chetu cha kila siku, lakini ni lazima litwangwe na kuchemshwa sana ili sumu ya majani ya muhogo itoke. Usifupishe upishi wake. Lile kwa ajili ya protini yake, na vitamini C uitafute katika tunda au katika ndimu iliyokamuliwa mezani baada ya chakula kutoka motoni.

5. Supu ya mifupa

Wengi watauliza: na supu je? Makongoro, ambayo huku Uganda wengi huiita molokoni, si kolajeni tupu? Naam. Kwato, ngozi na kano za ng'ombe zikichemshwa kwa muda mrefu, kolajeni yake huyeyuka na kuwa ule ute unaoganda supu ikipoa. Ni chakula kitamu, na mgonjwa au mzee asiye na meno hukimeza kwa urahisi. Tunakisifu.

Lakini kolajeni unayokunywa haitembei moja kwa moja mpaka gotini. Tumboni huvunjwavunjwa, kama nyumba ya zamani inavyobomolewa ikawa matofali. Mwili huyachukua matofali hayo na kuyapeleka unakotaka wenyewe: kwenye msuli, kwenye damu, kwenye ngozi. Na matofali ya kolajeni yana kasoro: aina moja ya lazima haimo kabisa, na nyingine ni chache. Kwa hiyo supu ya mifupa peke yake haiwezi kuwa badala ya maharage, samaki, mayai au nyama.

Jambo hili liligunduliwa kwa taabu, nasi wafanyakazi yafaa tulikumbuke. Mwanzoni mwa karne ya 19 huko Paris, wakubwa walitafuta namna ya kuwalisha maskini na wagonjwa wa hospitali kwa gharama ndogo. Mtaalamu mmoja, d'Arcet, alieneza supu ya ute uliotolewa katika mifupa, akidai kwamba inaweza kushika nafasi ya nyama. Walioinywa walilalamika. Kamati ya Chuo cha Sayansi, chini ya François Magendie, ilifanya majaribio kwa miaka mingi, na mwaka 1841 ikatoa taarifa kwamba ute huo peke yake hauwezi kumlisha hata mbwa. Walalamikaji walikuwa na haki. Tena, huko Marekani katika miaka ya 1970, watu waliotaka kupunguza unene walikunywa protini ya maji iliyotengenezwa kwa ngozi na kano za wanyama, wakaacha chakula kingine, na makumi kati yao walikufa ghafula.

Basi supu iwe pamoja na chakula, isiwe badala ya chakula.

6. Makopo ya kolajeni

Unga wa makopo ni ute ule ule wa ngozi, mifupa na samaki, uliokatwakatwa viwandani ukawa laini ili uyeyuke katika maji. Je, unasaidia? Hapana budi tuseme haki. Yapo majaribio yaliyoonyesha nafuu kidogo katika ngozi au katika maumivu ya viungo. Lakini mengi yalikuwa madogo, na mengi yalilipiwa na watengenezaji. Mwaka 2011 mamlaka ya Umoja wa Ulaya inayosimamia usalama wa chakula ilichunguza dai la kwamba unga wa kolajeni hutunza viungo, ikaona kwamba dai hilo halijathibitishwa. Mwaka 2025 watafiti wa Korea Kusini walikusanya majaribio 23 juu ya ngozi, yenye watu 1,474. Majaribio yaliyolipiwa na makampuni ya dawa yalionyesha faida. Yale yasiyolipiwa na makampuni hayo hayakuonyesha. Ndugu msomaji, utaona mwenyewe nani anayepiga ngoma hapo.

Mtu mwenye fedha za ziada akinunua unga huo, kwa kawaida hautamdhuru. Lakini mfanyakazi anayepunguza maharage ya watoto ili anunue kopo, ametoa uzi mzuri akapokea ulio hafifu. Mafuta ya kujipaka yenye kolajeni yanalainisha ngozi kwa juu kama mafuta mengine. Kolajeni yake ni kubwa mno kupenya ndani. Na sindano za viungo zinazochomwa na watu wasio waganga wa haki, tuziepuke kabisa.

Goti likivimba na kuwa la moto, au maumivu yakija pamoja na homa, au mguu ukifa ganzi, usingoje chakula wala kopo. Nenda kwenye kituo cha afya.

7. Mambo yanayokata kamba

Hata kiwanda chenye malighafi ya kutosha hushindwa ikiwa mali inaharibiwa upesi kuliko inavyotengenezwa. Mambo manne huharibu kolajeni yetu.

La kwanza ni tumbaku. West Nile imelima zao hili kwa miaka mingi, na wengi wetu tumesomeshwa kwa fedha zake. Lakini moshi wake hupunguza utengenezaji wa kolajeni katika ngozi, huchelewesha kupona kwa vidonda na mifupa iliyovunjika, na huila vitamini C mwilini, hata wataalamu wa Marekani wanashauri mvutaji aongeze miligramu 35 kila siku. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 ya kudhibiti tumbaku imekataza uvutaji mahali pa kazi. Tuidai sheria hiyo kama kinga yetu.

La pili ni sukari kuzidi katika damu. Kwa miaka mingi, sukari hiyo hushikamana na kamba za kolajeni na kuzifanya ngumu, zisizonyumbuka. Mwenye kisukari asichoke kufuata matibabu yake, na sisi sote tupunguze vijiko katika chai.

La tatu ni jua kali. Jua huvunja kolajeni ya ngozi. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, lakini si kinga kamili. Kofia pana na shati la mikono mirefu ni vifaa vya kazi kwa mtu wa shambani.

La nne, na kwetu ndilo kubwa, ni mzigo. Kano na gegedu hupenda kazi. Mtu asiyejongea hudhoofika. Lakini zinahitaji muda wa kujirekebisha baada ya kazi nzito. Anayebeba magunia kutwa bila kupumzika, siku saba kwa juma, anakata kamba kuliko zinavyosokotwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema saa za kazi zisizidi 48 kwa juma kwa kawaida, na kwamba mfanyakazi apate siku ya mapumziko baada ya siku sita mfululizo. Tusiione siku hiyo kuwa zawadi ya tajiri. Ndiyo siku ambayo mwili unafanya kazi yake yenyewe.

8. Wazee wetu nyumbani

Katika nyumba nyingi mzee hupewa ugali laini na mchuzi, na vipande vya samaki hupelekwa kwa vijana, kwa kuwa yeye hafanyi kazi tena. Tunakosea kwa nia njema. Wataalamu wengi wa lishe wanashauri mzee apate gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, yaani zaidi ya kijana, kwa sababu mwili wake hautumii chakula vizuri kama zamani. Mzee asiyepata hizo hupungua misuli, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, vidonda vya miguu havifungi, na akianguka huvunjika.

Meno yakiwa hayapo, dawa ni upishi. Maharage yapondwe. Karanga au simsim isagwe na kutiwa katika mboga. Mukene watwangwe wawe unga na kuchanganywa katika uji. Papai na embe lililoiva halihitaji meno. Na mzee asikalishwe kivulini kutwa nzima. Atembee, apalilie kidogo, kwa maana kamba isiyotumika huoza.

9. Kazi ya tawi

Ndugu wafanyakazi, chakula cha mtu si siri ya nyumba yake tu. Anayetoka kambini saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni, hula kile kilichopo mahali pa kazi. Kwa hiyo mambo haya yaingizwe katika mazungumzo ya chama na mwajiri, sawa na mishahara. Pale penye posho au chakula cha mchana, tuombe maharage au samaki kila siku na si ugali na mchuzi tu, mboga isiyopikwa kupita kiasi, na tunda walau mara tatu kwa juma. Pale penye makambi, tuombe nafasi ya bustani na miche ya mapera na mapapai. Penye mizigo, tuombe mikokoteni, zamu za kubadilishana na mapumziko. Na mtu akiumia kazini, taarifa itolewe mara moja na iandikwe, kwa kuwa sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2000 inamlinda.

Akiba ya NSSF, ambayo mfanyakazi huichangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 10, mtu huweza kuichukua afikapo miaka 55. Tunataka mwenzetu aifuate fedha yake ofisini Arua kwa miguu yake mwenyewe, kisha arudi nyumbani akalime.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi cha masomo:

1. Andikeni chakula chote mlichokula jana, kazini na nyumbani. Protini ilitoka wapi? Vitamini C ilitoka wapi?

2. Katika miezi ya kiangazi, ni matunda na mboga gani mbichi zinazopatikana mahali penu, na kwa bei gani?

3. Kopo moja la kolajeni linauzwa kiasi gani sokoni kwenu? Fedha hiyo ingenunua kilo ngapi za maharage, na mayai mangapi?

4. Ni kazi gani hapo kwenu inayoharibu magoti na migongo kuliko zote? Ni badiliko gani moja ambalo tawi linaweza kuliomba mwaka huu?

Katibu wa kikundi aandike majibu ya swali la nne na kuyapeleka katika mkutano ujao wa tawi.